Diski Iliyokufa Haisahau

Mwezi uliopita diski ya SSD ya laptopu yangu ilikata roho. Haikutoa hata mlio, kompyuta iliacha tu kuitambua. Fundi akaniambia, "Ishakufa hiyo kaka, niachie nitoe spea, nikupunguzie bei ya mpya." Nilikaribia kumpa. Halafu nikakumbuka kuwa mle ndani kuna mahojiano ya watu waliozungumza nami kwa sharti la kutotajwa majina. Nikairudisha mfukoni.

Nyumbani nikaanza kusoma historia ya kidude hiki. Historia yenyewe, ndugu msomaji, ina kejeli.

Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba huko Japan, alitambulisha aina mpya ya kumbukumbu ya kompyuta mwaka 1984. Haisahau umeme ukikatika, na inafutwa fungu zima kwa mpigo mmoja. Mwenzake, Shoji Ariizumi, akaufananisha ufutaji huo na mwanga wa kamera, ndipo likaja jina "flash". Mwaka 1987 Masuoka akaleta aina ya NAND, ambayo leo imejaa kwenye SSD, simu na vijiti tunavyoviita fleshi.

Yaani jina limetokana na wepesi wa kufuta! Kumbe kufuta ndiko kugumu. Chipu hizi huchakaa kila zinapofutwa, kwa hiyo SSD hukwepa kufuta ovyo. Ukibadilisha faili, toleo jipya huandikwa mahali pengine, la zamani likabaki pale pale mpaka diski iamue kusafisha. Na kinachokufa mara nyingi ni saketi inayoongoza chipu, si chipu zenyewe. Mwenye vifaa anaweza kuzibandua akazisoma.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu njia za kufuta faili mojamoja kwenye SSD. Kila njia iliacha mabaki. Diski moja ilitoa taarifa kuwa imejifuta, kumbe data zote zimo. Ile sumaku kali inayofuta diski za zamani haikufua dafu, kwa sababu flash hutunza data kwa chaji za umeme.

Ndiyo maana Julai 2013, gazeti la Guardian la London liliposhinikizwa na serikali ya Uingereza kuharibu nyaraka za Edward Snowden, kubofya "futa" hakukutosha. Wahariri walisaga kompyuta zao kwa grainda na drili, maofisa wa GCHQ wakiwatazama.

Mimi nilikuwa na nakala ya kazi zangu kwenye diski nyingine. Ningekuwa sina, ningeipeleka kwanza kwa mtaalamu wa kuokoa data ninayemwamini, tena bila kumwachia moja kwa moja. Nilivaa miwani, nikafungua kasha, nikapasua kila chipu, maana tundu moja linaweza kuikosa yenye siri. Sikuichoma moto, moshi wake ni sumu. Vipande nitavipeleka kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Diski mpya nimeiwekea usimbaji wa data tangu siku ya kwanza. Ikifa nayo, atakayeiokota asiye na nywila ataambulia herufi zisizosomeka.

Wale watu waliniamini mimi. Hawakumwamini fundi, wala mteja wake wa spea. Wewe je, ile simu yako mbovu uliiacha wapi?