Jinsi ya kulipa kabati la bei nafuu sura ya kale

WAHENGA walinena kuwa kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hata hivyo, katika mapambo ya nyumba upo mtindo unaokwenda kinyume na methali hiyo. Kabati la bei ya chini hupakwa rangi, kisha rangi hiyo hukwanguliwa hapa na pale ili lionekane kana kwamba limerithiwa kutoka kwa mababu.

Fanicha za rangi hafifu zilivuma nchini Uswidi enzi za Mfalme Gustav III, aliyetawala kuanzia 1771 hadi 1792. Mnamo 1989, Mwingereza Rachel Ashwell alifungua duka aliloliita Shabby Chic mjini Santa Monica, California, na mtindo wa fanicha zilizochakaa kwa madaha ukapata umaarufu Marekani na kwingineko.

Kabati la droo la mbao za mvinje, kama yale yanayoundwa na mafundi wa jua kali, lafaa sana kwa kazi hii. Lile lililoundwa kwa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi lahitaji uangalifu, kwani likikwanguliwa mno, maji huingia na kulifurisha.

Kabla ya kushika msasa, ni lazima mwenye kabati ajue historia yake. Rangi za mafuta za zamani aghalabu zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linashikilia kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Vumbi la msasa ndilo hatari kubwa. Kabati kuukuu lenye rangi inayobambuka lisikwanguliwe wala kuchomwa moto nyumbani, hasa palipo na watoto au mama mjamzito.

Vilevile, fanicha ya kale kwelikweli haifai kuguswa, kwani msasa huiharibia thamani. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inavilinda vitu vya kale vilivyoundwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895.

Iwapo kabati halina dosari hizo, droo hutolewa na vishikio kufunguliwa kwa bisibisi. Kabati huoshwa kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta na uchafu, kisha huachwa likauke kabisa. Mashimo huzibwa kwa puti. Mbao hupigwa msasa namba 120 kwa kufuata mkondo wa nyuzi zake, na vumbi hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu. Fundi avae barakoa na afanyie kazi mahali penye hewa.

Rangi ya msingi hutangulia. Ikikauka, hufuata rangi nzito, kama vile kahawia au samawati iliyokoza, ambayo baadaye itachungulia. Baada ya kuiacha usiku kucha, mshumaa husuguliwa kwenye kingo, pembe na karibu na vishikio. Hapo ndipo siri ya kazi ilipo, kwa kuwa rangi ya juu haishiki penye nta.

Rangi ya juu, nyeupe ya maziwa au kijivu, hupakwa mara mbili, kila tabaka likingojewa likauke. Rangi ya maji isiyong'aa ndiyo bora. Kisha msasa laini namba 220 hupitishwa taratibu palipopakwa nta, na rangi ya chini hujitokeza.

Kosa la wengi ni kukwangua kila mahali kwa usawa. Kabati halisi huchakaa pale mikono inaposhika na miguu inapogonga. Katikati ya ubao hubaki salama. Aidha, fundi asivuke tabaka alizopaka mwenyewe na kuifikia rangi ya zamani asiyoijua.

Mwisho, kabati hufutwa vumbi na kupakwa vanishi isiyong'aa ili rangi isiendelee kutoka. Droo hazirudishwi hadi zikauke, la sivyo zitanasa.

Na likiuzwa, mnunuzi aambiwe ukweli kuwa ukale huo ni wa brashi na msasa. Kulinadi kama turathi ni ulaghai.