Kolembola: wadudu wadogo wanaoruka kwenye mboji

Ukifukua rundo la mabua yanayooza, iwe Rungwe, Kilolo au Mufindi, utaona vidoti vyeupe au vya kijivu vikiruka ghafla na kupotea. Wengi hudhani ni viroboto, na wapo wanaokimbilia dawa. Hao ni kolembola. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Chakula chao kikubwa ni kuvu na majani yaliyokufa. Wachache hutafuna miche michanga, kwa hiyo ukiona matundu kwenye majani, muulize afisa ugani kabla ya kupulizia.

Kolembola ana miguu sita, hana mabawa, na wengi hawafiki milimita 6. Chini ya tumbo amekunja kijiti chenye panda. Akiguswa na chungu au buibui, kijiti hufyatuka kama mtego wa panya na kumrusha mbali.

Si wote wanaoruka. Wanaoishi juu, kwenye majani makavu, wana rangi, macho na kijiti kirefu. Wa chini zaidi ni weupe, wengi ni vipofu, na kijiti chao ni kifupi au hakipo. Hawawezi kuchimba, hupita kwenye matundu yaliyoachwa na mizizi na minyoo. Ng'ombe au trekta likishindilia udongo, njia zao huziba.

Kinachowatawala ni unyevu. Wengi hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo hukauka upesi. Mvua zikianza Novemba huongezeka. Kiangazi hushuka chini, na mayai ya baadhi yao husubiri mvua ardhini. Unyevu wa vinyungu vya Iringa unawafaa hata kiangazi.

Ndiyo maana moto wa Septemba na Oktoba una hasara. Ukichoma mabua unaondoa chakula na kivuli chao kwa siku moja, na naitrojeni nyingi iliyomo inapotea na moshi. Kolembola wakiyatafuna, pamoja na kuvu na bakteria, naitrojeni hiyo huachiwa mahindi kidogokidogo. Mabua yenye funza, hayo usiyaache yalivyo: yakate uyafukie au uyaweke kwenye mboji.

Kuwaona ni rahisi. Kata chupa ya maji sehemu ya juu, igeuze mdomo chini juu ya bakuli jeupe, tia wavu na udongo wenye majani, uiweke juani. Wanakimbia joto na ukavu, hivyo wataanguka bakulini.