Karatasi za Amani na Paka wa Nyumbani

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, juu ya Muheza, na ufundi ninaoutumia leo kutengeneza picha za ukutani ulipata makao Usambara pamoja nacho. Wao hawakuwa wakitafuta picha. Walitaka kujua milima hii ina nini: mti gani unatoa mpira, upi unafaa kwa mbao, upi kwa dawa. Kila walichochuma walikinyoosha juu ya karatasi, wakakifunika kwa karatasi nyingine, wakakibana kati ya mbao mbili kwa mikanda mpaka kikauke kikiwa bapa.

Asili ya ufundi huo ni Italia. Luca Ghini, aliyefundisha tiba na mimea huko Pisa katika miaka ya 1540, aliwaonyesha wanafunzi wake namna ya kubana mimea na kuibandika kwenye karatasi, ili majira ya baridi, bustani ikiwa imekauka, wasikose cha kusomea. Wanafunzi waliusambaza Ulaya nzima. Karne ya 19 ulikuwa umeshatoka vyuoni na kuingia sebuleni. Huko Marekani, Emily Dickinson, kabla hajawa mshairi wa kujulikana, alibandika mimea 424 kwenye kitabu chake cha usichana, na kitabu hicho kipo hadi leo Chuo Kikuu cha Harvard.

Lakini Amani si Pisa. Huku mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, na jani ulilolibana leo, kesho limelowesha gazeti lake lote. Usipobadilisha gazeti, keshokutwa unakuta ukungu mweupe kwenye mishipa ya jani, na shina limegeuka jeusi. Wakusanyaji wa nchi zenye unyevu walikausha mibano yao juu ya moto mdogo wa mkaa au jiko la mafuta ya taa. Mimi hubadilisha magazeti asubuhi na jioni mpaka yatoke makavu, na majani manene huyapasua kwa wembe upande wa nyuma ili maji yapate njia. Ni kazi ya subira, na sijaona njia ya mkato iliyoacha rangi ya ua ikiwa nzuri.

Ukishakausha, adui anayefuata ni mdudu. Yuko kimende mdogo wa rangi ya kahawia, yule yule anayetoboa tumbaku na viungo vya chakula ghalani, naye hupenda mmea mkavu kupita kiasi. Anaweza kula mkusanyo wa miaka hadi ukabaki vumbi na gundi. Kwa hiyo tangu karne ya 18 watunzaji wa mimea mikavu walitumia sumu: kloridi ya zebaki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, wakaipaka kwa brashi au wakatumbukiza mmea mzima. Ilifanya kazi vizuri mno. Haikuisha. Karatasi zilizopakwa wakati huo, kwenye hifadhi nyingi duniani, bado zina zebaki hadi leo. Nyingine zimeota madoa ya kijivu, nyingine zilipigwa mhuri wa kuwaonya wanaozishika. Baadaye ikaja naftalini, vile vidonge vyeupe tunavyoweka kabatini, ambavyo mvuke wake nao si wa kuvuta kila siku.

Hii ndiyo sehemu ya historia ambayo watu wa kazi yangu hawaitaji sana, na mimi naitaja kwa kila mteja. Tumerithi mbano, tumerithi magazeti, na pamoja navyo tumerithi tabia ya kuamini kwamba picha ya maua haijakamilika mpaka ipakwe dawa. Nyumba yenye paka haitaki dawa hiyo. Paka hula kwa kujilamba. Vumbi lolote likimwangukia mgongoni, jioni limeshafika tumboni, na ini lake halina uwezo kamili wa kuvunjavunja kemikali nyingi ambazo letu sisi huzimudu. Ndiyo maana hata karafuu, ambayo huku pwani na Unguja tunaitia kwenye sanduku la nguo bila wasiwasi, siitii nyuma ya fremu. Mafuta yake yana yujenoli, na paka ni mnyama asiyeweza kuihimili vizuri. Badala ya sumu natumia friza: mmea mkavu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa, unakaa humo wiki mbili, unatoka, unaachwa upate joto la chumba ukiwa bado mfukoni ili usishike umande. Hifadhi kubwa za mimea nazo zimehamia kwenye baridi kali, na nafurahi kwamba njia yao mpya inaweza kufuatwa hata na mtu mwenye friza ya kawaida.

Hata hivyo sumu ya kopo ni nusu tu. Nusu nyingine imo ndani ya mmea, nako kukausha hakuiondoi. Maua ya lili, yale marefu yanayouzwa kwa shada za harusi, yanaua figo za paka ndani ya siku chache, iwe amekula jani au amelamba chavua iliyomwangukia. Madaktari wa mifugo walianza kuandika habari zake kwa wingi katika miaka ya 1990. Yakikauka bado ni yale yale. Oleanda inasimamisha moyo. Na lipo ua letu la porini, gloriosa, linalotambaa vichakani pwani likiwa na petali nyekundu zenye kingo za njano zilizojikunja. Sijui ua linalobanika vizuri kuliko hilo. Linalala kwenye karatasi kana kwamba liliumbwa kwa ajili hiyo. Lina kolchisini. Wateja huniomba, nami hukataa, hata wanaponiambia picha itatundikwa juu. Paka hupanda, na kioo huanguka.

Ninachowapa badala yake kimetoka milima hii hii. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya, aliona huku Tanga ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, akatuma mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen huko Hannover, akaliita Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wamelihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, na liko madirishani duniani kote, wakati huku kwake, miambani penye kivuli, makazi yake yanazidi kupungua kila msitu unapokatwa. Kwa hiyo sichumi la porini. Natumia la kwenye chungu. Shirika la ASPCA la Marekani, ambalo orodha yake ya mimea ndiyo ninayoifuata, linalitaja kuwa halina sumu kwa paka. Pamoja nalo natumia waridi, asumini ya kweli na makangaga; ila kile kinachoitwa kangaga la asparagasi si kangaga, na kina madhara.

Mkusanyo wa Amani ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na ndio msingi wa hifadhi kubwa ya mimea mikavu iliyopo Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwingine uliopelekwa Berlin uliungua kwa mabomu usiku wa tarehe 1 Machi 1943. Karatasi zilizosalimika zina thamani kwa sababu ya kijikaratasi cha pembeni: jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, aliyeuchuma. Bila hicho mmea mkavu ni takataka nzuri tu.

Nami nakibandika nyuma ya kila fremu. Naandika jina la kawaida na la kisayansi la kila jani lililomo, chungu au shamba lilipotoka, mwezi na mwaka, na aina ya gundi, ambayo kwangu ni uji wa unga wa ngano. Mstari wa mwisho unasema: haikupakwa dawa. Daktari wa mifugo akiletewa paka anayetapika, swali lake la kwanza huwa amekula nini, na mwenye nyumba anaweza kuigeuza fremu akamsomea kwenye simu.