Safu ya Lugha: Baraza

Ukipita Ngamiani, Tanga, baada ya alasiri, utaona baraza ni nini: benchi la mawe na simenti lililoshikana na ukuta wa mbele wa nyumba, wazee wameketi, birika la kahawa chungu, kashata kwenye sahani, kete za bao zikigongana. Neno limepanda hadi Baraza la Mawaziri, lakini hapa halijauacha ukuta wake.

Nalitaka pia kwa kitu ambacho kwa tafsiri ya haraka huitwa ubao wa matangazo wa kompyuta. Wa kwanza ulifunguliwa Chicago mwaka 1978 na Ward Christensen na Randy Suess. Mtu aliweka kompyuta nyumbani, akaiunga kwa modemu na laini ya simu, na wageni wakapiga simu kusoma ujumbe na kuacha wao. Laini moja, mgeni mmoja; wengine walingoja. Kuanzia 1984 mtandao ulioitwa FidoNet ukaziwezesha kompyuta hizo kupigiana usiku, simu zikiwa nafuu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia hiyo ilikuwa imefika Nairobi na Kampala.

Ubao hubandikwa karatasi ukaachwa. Baraza lina mwenyewe: hulifagia, huamua ugomvi, huwapokea wageni wale wale miaka nenda miaka rudi, wala hatozi kitu. Hiyo ndiyo kazi ya wenye kompyuta zile, na wapo walioishika kwa miongo. Watunga kamusi wasihangaike na “mwendeshaji”. Waandike mwenye baraza.