Gitaa Lilipoanza Kukoroma

Machi 1951 bendi ya Ike Turner ilifunga safari kutoka Mississippi kwenda Memphis, watu na vyombo wamebanana garini. Amplifaya ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, haikufika salama. Wapo wanaosimulia kwamba ilianguka kutoka juu ya gari, wapo wanaosema ilinyeshewa. Vyovyote iwavyo, walipoiwasha studioni kwa Sam Phillips spika ilikuwa imepasuka na kila noti ilitoka ikikwaruza. Phillips akaishindilia karatasi ile spika, akasikiliza, akaipenda, akarekodi. "Rocket 88" ikatoka kwa jina la mwimbaji Jackie Brenston na kupanda hadi kileleni mwa chati za muziki wa Wamarekani weusi.

Kwa fundi wa zama zile, ule ulikuwa ubovu mtupu. Gitaa la umeme lilizaliwa miaka ya 1930 kwa sababu gitaa la kawaida lilimezwa na matarumbeta ya bendi kubwa, na kazi ya amplifaya ilikuwa kuikuza sauti bila kuichafua. Ila valvu, zile chupa za kioo zinazowaka wekundu kwa ndani, zina kikomo. Ukizipa mawimbi makubwa kuliko zinavyoweza kubeba, vilele vya mawimbi hukatwa, na palipokatwa huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo kidole hakikuzipiga. Noti hunenepa. Tena hukawia kufifia, maana kishindo chake cha mwanzo kimebanwa ilhali mkia umenyanyuliwa. Uzuri wa valvu ni kwamba haikati ghafla: huanza kujipinda, ndipo ikakata, na mpigaji stadi huishi katikati ya hatua hizo mbili kwa nguvu ya mkono wake tu.

Sauti hizo za ziada hugombana. Piga kodi kamili ya noti nne, upate uji. Ndiyo maana wapigaji wa roki walibaki na noti mbili, ya msingi na ya tano yake. Nadhani ndiyo maana pia wapigaji wetu wa dansi, kuanzia Kinshasa hadi Dar es Salaam, hawakuukumbatia sana mkwaruzo huu: solo na rithimu zinaposukana kama ukili, kila uzi lazima uonekane.

Marekani na Uingereza, lakini, ubovu ulianza kutafutwa makusudi. Mpiga gitaa Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli ndipo akapata ngurumo ya "Rumble", 1958, kibao kisicho na neno hata moja ambacho baadhi ya vituo vya redio viliogopa kukipiga. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks, kijana wa miaka 17, aliichana kwa wembe spika ya amplifaya yake ndogo, na "You Really Got Me" ikatoka na makovu hayo. Nashville nako, njia moja ya meza ya kurekodia iliharibika wakati mpiga gitaa Grady Martin akipiga kwenye wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry". Hitilafu ile haikufutwa kwenye kanda. Fundi mitambo Glenn Snoddy aliichunguza, akaijenga upya kwa transista ndani ya kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, yaani pedali, na kampuni ya Gibson ikaanza kukiuza mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Kilidoda madukani hadi mpiga gitaa Keith Richards alipokikanyaga kwenye "Satisfaction", 1965. Naye alikuwa akishika tu nafasi ya tarumbeta alizodhani zingewekwa baadaye!

Mpaka hapo tunazungumzia vitu vilivyovunjika. Jim Marshall alileta kitu kizima kinachokoroma. Alikuwa mpiga dramu mwenye duka la vyombo Hanwell, magharibi mwa London, mahali ambapo amplifaya za Fender kutoka Marekani zilikuwa ghali mno kwa vijana. Mwaka 1962, pamoja na mafundi Ken Bran na Dudley Craven, aliinakili Fender Bassman karibu yote. Nakala hiyo, JTM45, ilitofautiana na mama yake kwa vipuri na, zaidi ya yote, kwa spika. Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 ndani ya sanduku lililo wazi nyuma. Marshall alipanga nne za Celestion, inchi 12, kwenye sanduku lililozibwa pande zote. Hewa iliyofungiwa humo huishika koni ya spika isiyumbe ovyo, na besi hutoka kama ngumi.

Sanduku hili watu hulisahau. Huhesabu pedali na kubishania valvu usiku kucha, kumbe spika ya gitaa ni chujio: juu ya hezi 5,000 hivi haipitishi kitu cha maana. Uchukue mkwaruzo uleule uupeleke moja kwa moja kwenye mikisa, utasikia nyuki waliofungiwa kwenye debe.

Mwaka 1966 Eric Clapton aliingia studio za Decca na bendi ya John Mayall, mkononi gitaa la Gibson Les Paul, nyuma yake Marshall yenye spika mbili. Alikataa kuipunguza sauti. Albamu iliyotoka humo ndiyo mizani ambayo wapigaji wengi bado wanaitumia kupimia gitaa la bluzi. Pete Townshend wa The Who alikuwa tayari ameomba wati 100, masanduku yakapandishwa moja juu ya jingine, na kero ikawa kelele.

Kuanzia hapo mafundi wamehangaika kupata ukoromaji bila kuvunja madirisha. Randall Smith wa California aliongeza hatua za kukuza mawimbi mwanzoni mwa amplifaya, kisha akaweka kitasa cha kupunguza mwishoni. Pedali ya Kijapani ya Tube Screamer, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, yenyewe hukwaruza kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kupunguza besi, kuinua sauti za kati na kuisukuma amplifaya. Pedali za Fuzz Face za mwanzo, zenye transista za germaniamu, hubadilika tabia chumba kikipata joto.

Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ilitoa POD, kidude cha kidijitali kilichoiga amplifaya nyingi kwa mpigo. Siku hizi amplifaya inaweza kuwa programu tu, na kinachouzwa sana ni faili zenye alama ya sauti ya sanduku fulani la spika, zimepangwa kwa aina ya maikrofoni na umbali wake kutoka katikati ya koni. Miongoni mwa zinazosakwa ni za Celestion za miaka ya 1960, koni zilizokwisha kulegea kwa kupigwa miaka mingi.