Historia fupi ya faili la maandishi mpaka kuwa karatasi

Nilipotea kidogo kwa sababu ya testi za katikati ya semista, ila leo nimepata upenyo niandike kitu tunachokifanya kila wiki bila kukiwaza: kulichukua faili la maandishi matupu na kuligeuza ukurasa ambao printa inaukubali. Jambo hili lina historia yake, na historia hiyo inafika mpaka kwetu Isongole, wilaya ya Ileje, pale ukivuka tu unaingia Chitipa, Malawi.

Tuanze na msingi. Faili la maandishi matupu halina ukurasa. Ni mfululizo wa namba, kila herufi na namba yake, basi. Halina pembezoni, halijui A4 ni nini, halijui herufi inene au iwe nyembamba. Zamani hilo halikuwa tatizo. Serikali yetu ilipofunga kompyuta yake ya kwanza pale Wizara ya Fedha mwaka 1965, printa za enzi hizo zilipiga mstari mzima kwa mkupuo, nyingi kwa herufi kubwa tu, kwenye karatasi ndefu zenye matundu pembeni. Mstari wa faili ulikuwa ndio mstari wa karatasi. Mwaka 1974 nchi ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, kwa hiyo wakati wenzetu wanahama kutoka printa hizo, sisi tulikuwa tunaendelea na taipureta na stensili. Wazazi wetu wengi mitihani yao ilichapwa hivyo.

Huko nje mambo yakabadilika mwaka 1984, John Warnock na Charles Geschke wa kampuni ya Adobe walipotoa PostScript. Hii ni lugha ya kuieleza karatasi. Huiambii printa "andika mstari huu", unaiambia "nenda pointi kadhaa kutoka kushoto, kadhaa kutoka chini, weka neno hili kwa herufi hizi". Inchi moja ni pointi 72. Mwaka 1985 printa ya LaserWriter ya Apple ikatoka ikiielewa lugha hiyo, na kazi mpya ikazaliwa: programu za kubadilisha maandishi matupu kuwa PostScript. Zinazojulikana zaidi ni enscript na a2ps.

Kazi yenyewe ni hesabu ya darasa la saba. A4 ina pointi 595 kwa 842. Ukiacha inchi moja kila upande, unabaki na 451 kwa 698. Herufi za Courier za pointi 10 kila moja inakula upana wa pointi 6, kwa hiyo mstari unabeba herufi 75. Ukiachanisha mistari kwa pointi 12, ukurasa unabeba mistari 58. Programu inaanzia juu, inashuka pointi 12 kila mstari, ikifika 58 inafungua ukurasa mwingine. Mstari ukizidi herufi 75 inaukata na kuushusha. Kwa vile programu nyingi zilitengenezwa Marekani, karatasi yao ilikuwa ile ya 612 kwa 792, fupi kuliko A4 kwa pointi 50. Ukisahau kuiambia A4, mpangilio unahama wote.

Sasa tuje kwenye herufi, maana hapo ndipo penye kisa. Kiswahili tumebahatika. Kabla ya wamisionari kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, halafu watu kama Edward Steere, aliyefika Zanzibar 1864 na kuchapisha vitabu hukohuko, wakakiandika kwa herufi za Kilatini bila vikofia wala nukta za ziada. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha tahajia. Matokeo yake, mfumo wa ASCII wa Wamarekani, wenye alama 95 tu za kuchapika, unakitosheleza Kiswahili chote. Hata ng' ya ng'ombe inatumia kiapostrofi cha kawaida. Ndiyo maana Kiswahili kilipita kwenye kila kompyuta, kila simu ya tochi na kila printa bila mtu kuumiza kichwa.

Lugha za majirani hazikupata bahati hiyo. Kikuyu kina ĩ na ũ. Chitumbuka cha kaskazini mwa Malawi kina ŵ, ile sauti ya midomo kukaribiana bila kugusana. Haimo kwenye ASCII. Haimo hata kwenye Latin-1, orodha ya mwaka 1987 iliyozisaidia lugha za Ulaya Magharibi na ambayo programu kama enscript ziliitegemea. Unicode ilipotoka 1991 na UTF-8 mwaka 1992, ŵ ikapata namba yake. Lakini kwenye UTF-8 inahifadhiwa kwa baiti mbili, na programu inayosoma Latin-1 inadhani ni herufi mbili, inachapa Åµ. Ukiona uchafu huo kwenye karatasi, herufi yako haijapotea. Imesomwa vibaya njiani.

Kwa nini hili linaniuma? Sisi Wandali tuko pande zote mbili za mpaka. Babu yangu mdogo wa upande wa Chitipa alisoma shule wakati Chitumbuka bado kinafundishwa kule kaskazini, kabla ya mwaka 1968 serikali ya Banda ilipokifanya Chichewa kuwa lugha ya taifa. Kusoma kwake ni ŵ. Amenitajia majina ya koo zetu, nani alimzaa nani, nani alihamia wapi, na mimi nimeyaandika kwa simu kwenye faili la maandishi matupu, kama kilobaiti 41. Nilipolipeleka stesheneri fulani, kila ŵ ikatoka Åµ. Dada wa pale, mtu mwema kabisa, akanishauri: "Kaka, si uweke tu w ya kawaida, nani atajua?"

Mzee atajua. Kwenye orodha ile kuna majina mawili yanayotofautiana kwa herufi hiyo moja, na ni koo mbili ambazo haziruhusiwi kuchanganywa. Ukiweka w, umewafanya ndugu watu ambao wameoana. Na babu hasomi kwenye kioo cha simu, macho hayampi. Kwake maneno yanakuwepo yakiwa kwenye karatasi, akiwa na kalamu ya kusahihisha.

Dawa ipo, na ni ya bure. PDF, ndugu mdogo wa PostScript aliyezaliwa 1993, inaweza kubeba herufi zenyewe ndani ya faili, kwa hiyo hata kompyuta ya stesheneri isipokuwa na ŵ, karatasi itatoka nayo. OpenOffice ilikuwa na kitufe cha kutoa PDF tangu toleo la 1.1 la mwaka 2003, na mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Leo LibreOffice inafanya vilevile. Fungua faili, likikuuliza mfumo wa herufi chagua UTF-8, weka A4, chagua fonti yenye herufi zako zote, DejaVu kwa mfano, toa PDF. Halafu iangalie kwa macho kabla ya kuilipia kopi.

Nimeshafanya. Imetoka kurasa 19, herufi kubwa za pointi 14 kwa ajili ya wazee, na pembezoni pana za kuandikia. Likizo ikifika inapanda gari mpaka Mpemba, kisha lami ya kilomita 50 hivi mpaka Isongole, halafu inavuka. Najua itarudi imejaa wino mwekundu, na ndivyo ninavyotaka.

Haya, ngoja nikapange foleni ya chakula kabla wali haujaisha.