Kulipia matibabu: nani anatoa feza, na saa gani?

Kila nchi ina njia yake ya kulipia matibabu. Lakini ukiangalia vizuri, maulizo ni mawili: nani anatoa feza? Na anaitoa mbele ya ugonjwa, ao wakati mgonjwa yuko tayari kitandani?

Congo. Familia nyingi zinalipa mkononi, siku ileile: fishi, labo, dawa, kitanda. Mwenye kukosa anauza mbuzi, anakopa, ao anabaki nyumbani mpaka hali inakuwa mbaya. Hata akipona, kuna hospitali zinazomzuia mpaka fakitire iishe. Wamama waliojifungua wanalijua jambo hilo. Mwaka 2023 serikali ilianzisha mpango wa kuzaa bure, kuanzia Kinshasa.

Rwanda. Mituweli ilijaribiwa mwaka 1999, kisha ikaenea nchi nzima. Mchango unalipwa kwa mwaka, kwa kila mtu wa nyumba. Mpango wa 2011 uliweka franka 3000 za Rwanda kwa watu wengi, 7000 kwa wenye uwezo. Maskini kabisa walilipiwa. Mgonjwa aliyefika kituo cha afya aliongeza 200 tu, na kwenye hospitali 10% ya fakitire.

Burundi. Tangu Mei 2006, watoto wa chini ya miaka 5 na wamama wanaozaa hawalipi kwenye vituo vya serikali. Serikali ndiyo inarudishia vituo feza. Mwanzoni wagonjwa walijaa, malipo yakachelewa, na kazi ya waganga ikawa nzito.

Uingereza. Tangu tarehe 5 Julai 1948, matibabu yanalipwa zaidi na kodi. Mtu anaona munganga bila kutoa kitu. Katika England, wasiosamehewa wanalipa kiasi fulani cha dawa. Shida yao kubwa ni kungoja: operesheni isiyo ya haraka inaweza kuchukua miezi.

Kwa hiyo «bure» haimaanishi kwamba hakuna anayelipa. Inamaanisha wazima wamelipa mbele, kwa ajili ya wagonjwa. Na kama feza hiyo haifiki kwenye kituo, dawa zinaisha na mgonjwa anatumwa kununua inje.

Ndiyo maana, mbele ya kuingia mituweli ya kwenu, uliza: inalipia magonjwa gani, kwenye hospitali gani, unaongeza ngapi, na nani anachunga sanduku?